Sarafu ya Kaisari Iliyoliwa na Kutu: Namna ya Kupima Ukweli na Thamani Yake



Wapendwa waamini, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaojaliwa kufanya hija katika Nchi Takatifu na katika mji wa Roma. Wengi wao wameweka akiba kwa miaka mingi. Wengine wamechangiwa na jumuiya zao ndogondogo za Kikristo. Katika maduka yaliyo karibu na mahali patakatifu, mahujaji huoneshwa sarafu za kale: dinari ya Kaisari, sarafu ya Pontio Pilato, sarafu ndogo inayoitwa ya mjane maskini. Zilizo nzima na zenye sura safi huwa na bei ambayo wengi wetu hatuiwezi. Zinazobaki ni zile zilizoharibika: zilizotobolewa, zilizokatwa ukingoni, zilizopasuka, zilizoliwa na kutu hata sura ya mfalme ikawa kama kivuli. Muuzaji husema kwamba ni za kweli, ni za nyakati za Bwana wetu, na bei yake ni nafuu.

Mwamini atajuaje kwamba anachouziwa ni cha kweli? Na kama ni cha kweli, kina thamani gani? Tunapenda kuyaeleza maswali hayo mawili katika makala haya, kwa sababu yanagusa jasho la watu, amri ya saba ya Mungu, na hata usafi wa imani yetu. Tangu mwanzo tuseme wazi kwamba ni maswali mawili, wala si moja. Ukweli hutangulia, thamani hufuata. Anayeanza kwa kujadili bei kabla ya kujua ni kitu gani kilicho mbele yake, amekwisha kujiweka mikononi mwa muuzaji. Na uharibifu peke yake hauthibitishi lolote: upo unaoshuhudia ukale wa sarafu, na upo uliotengenezwa makusudi ili kuficha uongo.

VIPIMO VINNE VYA ABBA MUSA

Kanisa limeufahamu ufundi huu tangu zamani. Waalimu wa kale kama Klementi wa Aleksandria na Origene waliwahimiza Wakristo wawe kama wavunja fedha stadi, wanaojua kupokea sarafu njema na kukataa mbovu. Mtakatifu Yohane Kasiano, aliyeandika huko Gaulo mwanzoni mwa karne ya 5, ametuhifadhia katika kitabu chake cha Mazungumzo mafundisho ya Abba Musa, mmonaki wa jangwa la Sketi huko Misri. Abba Musa alisema kwamba mvunja fedha hodari hutazama mambo manne: kama madini ni safi au ni shaba inayojifanya dhahabu, kama sura iliyopigwa juu yake ni ya mfalme halali, kama imetoka katika karakana iliyoruhusiwa, na kama uzito wake ni kamili, haukupunguzwa na kutu.

Abba Musa alikuwa akifundisha namna ya kupambanua mawazo ya moyo, si biashara ya sarafu. Lakini alichukua mfano wake kutoka sokoni kama soko lilivyokuwa, na kwa sababu hiyo vipimo vyake vinne vinatufaa hata leo kwa sarafu yenyewe iliyo mkononi. Tuvifuate kimoja baada ya kingine.

KIPIMO CHA KWANZA: MADINI

Dinari ya Kirumi ilikuwa sarafu ya fedha. Wakati wa Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi mwaka 37 baada ya Kristo, ilikuwa ya fedha karibu safi, na uzito wake ulikaribia gramu 3.8. Mwaka 64 Nero aliupunguza uzito huo pamoja na usafi wa madini, na wengi waliomfuata waliendelea kuipunguza. Kufikia miaka ya 260, chini ya Galieno, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na asilimia chache tu za fedha. Sehemu iliyobaki ilikuwa shaba iliyovikwa utando mweupe. Kwa hiyo, sarafu ya Galieno inayoonesha wekundu wa shaba pale ilipochakaa si lazima iwe bandia. Hivyo ndivyo ilivyotoka mikononi mwa serikali yenyewe. Lakini dinari ya Tiberio inayoonesha wekundu huo inasema habari nyingine.

Habari hiyo ni kwamba waghushi walikuwapo hata enzi zile. Walichukua kipande cha shaba, wakakivika ganda jembamba la fedha, wakakipasha moto na kukipiga muhuri. Baada ya karne nyingi ardhini ganda hupasuka, na shaba iliyo ndani huota kutu ya kijani kwenye mipasuko. Sarafu ya namna hiyo ni ya kale kweli, lakini si dinari ya kweli. Wakusanyaji huinunua kwa bei ya chini, wakijua ni nini. Muuzaji mwadilifu huitaja kwa jina lake. Asiyeitaja ameuza shaba kwa bei ya fedha.

Hapa ndipo tunapoona mara ya kwanza kwamba jeraha laweza kuwa shahidi. Wavunja fedha wa kale walikuwa wakikata ukingo wa sarafu kwa patasi ili waone ndani yake. Sarafu yenye mkato wa namna hiyo, ambao ndani yake fedha inaonekana mpaka kiini, imepunguziwa uzuri, lakini imekwisha kujibu swali la madini mbele ya macho ya kila mtu.

Pasipo mkato, kuna njia ya mizani na maji. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha ifunge kwa uzi mwembamba, uizamishe katika maji ikiwa inaning'inia kwenye mizani bila kugusa chombo, uone imepungua kiasi gani. Gawanya uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Fedha safi hutoa namba iliyo karibu na 10.5; shaba hutoa iliyo karibu na 8.9. Kwa mfano, sarafu ya gramu 3.60 inayopungua gramu 0.35 majini hutoa takriban 10.3, nayo yaweza kuwa ya fedha njema. Ya gramu 3.00 inayopungua gramu 0.33 hutoa takriban 9.1, na hapo tuna sababu ya kushuku kwamba moyo wake ni shaba. Mizani iwe inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na tukumbuke kwamba sarafu yenye matundu ya kutu hushika mapovu ya hewa na kuharibu hesabu. Kipimo hiki ni shahidi mmoja, si hakimu.

KIPIMO CHA PILI: SURA NA MAANDISHI

Bwana wetu alipooneshwa dinari aliuliza juu ya sura na maandishi. Nasi tuulize hayo hayo. Dinari ya Tiberio iliyo ya kawaida kupatikana ina, upande mmoja, kichwa cha mfalme mwenye taji la majani pamoja na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili ameketi mwanamke, na maandishi yake ni PONTIF MAXIM, yaani kuhani mkuu.

Katika sarafu iliyoharibika, huenda zikabaki herufi nne au tano tu. Hizo zinatosha kuanzia kazi, kwa kuwa kila herufi ina mahali pake kuizunguka sura. Kama imebaki AVG, itazamwe kama imekaa pale ambapo ingekaa katika sarafu nzima ya aina ile ile. Siku hizi kazi hii haihitaji maktaba kubwa: Shirika la Sarafu la Marekani, lililoko New York, limeweka kwenye intaneti orodha ya sarafu za Dola la Kirumi pamoja na picha, na mtu yeyote aweza kulinganisha bila malipo. Waghushi hukosea hapa mara kwa mara: huunganisha kichwa cha mfalme mmoja na mgongo wa sarafu ya mwingine, au huandika Kilatini ambacho hakikuwahi kuandikwa. Wapo pia waghushi hodari. Giovanni da Cavino wa Padova, katika karne ya 16, alitengeneza sarafu za mtindo wa Kirumi kwa ustadi mkubwa hata leo kazi zake hukusanywa kwa ajili yake yeye mwenyewe. Sura nzuri peke yake, basi, haitoshi.

Zaidi ya sura iliyo juu ya chuma, kuna jina analolitamka muuzaji, na hapo ndipo waamini wengi hupotea. Sarafu inayouzwa kwa jina la mjane maskini kwa kawaida ni ya Aleksanda Yanayo, mfalme wa Wayahudi aliyetawala tangu mwaka 103 hadi mwaka 76 kabla ya Kristo. Ina nanga upande mmoja na nyota ya miale upande mwingine. Si ya Kirumi, ingawa ilitumika pamoja na za Kirumi, kwa kuwa sarafu hizo za shaba ziliendelea kuzunguka sokoni mpaka karne ya Bwana wetu. Marko ndiye anayewafafanulia wasomaji wake kwamba mbili kati ya sarafu ndogo za mjane zililingana na sarafu moja ndogo ya Kirumi. Ni haki, basi, kusema kwamba mjane angeweza kuwa na sarafu ya namna hii. Si haki kusema kwamba hii ndiyo ya mjane, wala kumtoza mtu bei ya Injili kwa kitu kilichotengenezwa kwa wingi mkubwa.

Sarafu za Pilato nazo zajulikana kwa alama zake: fimbo iliyopinda ya mpiga ramli wa Kirumi, au kata ya kumiminia sadaka ya divai. Zina tarehe za mwaka wa 16, wa 17 na wa 18 wa Tiberio, sawa na miaka 29 hadi 32. Palipo na fimbo au kata iliyo wazi na herufi za mwaka zinazosomeka, sarafu iliyovunjika ukingo bado ni sarafu ya Pilato. Pasipo alama yoyote, tuna kipande cha shaba na neno la muuzaji.

KIPIMO CHA TATU: KARAKANA

Warumi walifua sarafu kwa nyundo. Kipande cha madini kiliwekwa juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, fundi akapiga. Madini yaliposukumwa na pigo yalitiririka kuelekea nje, na mtiririko huo huacha mistari hafifu kuzunguka herufi. Ukingo mara nyingi hupasuka kidogo, na sura aghalabu haikai katikati. Mambo hayo tusiyahesabu kuwa uharibifu. Ni alama za kuzaliwa.

Mghushi wa kawaida hafui. Huchukua sarafu ya kweli, huitengenezea kalibu, kisha humimina madini yaliyoyeyushwa. Kazi yake huonekana kwa lenzi ya kukuzia. Uso huwa na vitundu vya mapovu. Herufi huwa laini kama sabuni iliyotumika, hata pale ambapo hazikupaswa kuchakaa, yaani katika mabonde yaliyo chini ya sura. Ukingo huwa na mshono palipokutana nusu mbili za kalibu, au mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuondoa mshono huo. Dalili iliyo kubwa kuliko zote ni pacha. Sarafu mbili zilizofuliwa kwa muhuri mmoja zaweza kufanana sura, lakini haziwezi kuwa na mpasuko mmoja, mkwaruzo mmoja na shimo moja la kutu mahali pale pale. Muuzaji akiwa na sarafu tatu zilizoharibika kwa namna ile ile, uharibifu huo ulitoka katika kalibu, na si ardhini.

Tutofautishe hapa mashimo ya mapovu na mashimo ya kutu. Ya mapovu huwa mviringo, yenye kingo laini, na hutokea hata juu ya herufi na pua ya mfalme. Ya kutu hayana umbo maalumu, kingo zake ni kali, na mara nyingi ndani yake kumebaki udongo au kutu gumu. Sarafu ya fedha iliyokaa ardhini muda mrefu huweza pia kuwa dhaifu kama kigae, na ikivunjika sehemu ya ndani huonekana ya chengachenga. Ni hasara kwa mwenye kuitunza, lakini chenga hizo ni ushahidi mzuri wa ukale.

KIPIMO CHA NNE: UZITO NA KUTU

Tumefika kwenye majeraha yenyewe. Tuyapange katika makundi matatu.

La kwanza ni majeraha ya maisha, yaani yale ambayo sarafu iliyapata ikiwa bado mikononi mwa watu wa kale. Kuchakaa kwa kupita mikononi ni mojawapo. Kukatwa nusu ni jingine: sarafu za Augusto na Agripa zilizofuliwa Nîmes, zenye picha ya mamba, zilikatwa vipande viwili ili zipatikane chenji. Fedha za Kirumi zilizopatikana Uingereza mara nyingi zimepunguzwa ukingo, jambo linaloeleza maisha ya watu ambao sarafu mpya ziliacha kuwafikia utawala wa Roma ulipoondoka mwanzoni mwa karne ya 5. Mwishoni mwa mwaka 211 mfalme Geta aliuawa na kaka yake Karakala, na katika baadhi ya miji ya Asia Ndogo sura yake ikafutwa hata kwenye sarafu. Mtu asiyejua ataona uso uliokwaruzwa. Anayejua ataona hukumu ya serikali. Majeraha ya namna hii hupunguza bei kwa kiasi, na pengine huiongeza.

La pili ni majeraha ya ardhi: kutu, mipasuko, vitundu. Shaba iliyokaa vizuri ardhini huvaa ngozi ngumu, ya kijani, ya kahawia au nyeusi, inayoilinda. Ngozi hiyo haipaswi kuondolewa. Lakini ipo kutu mbaya, yenye rangi ya kijani hafifu, laini kama unga, inayochimba bila kukoma kwa sababu ya chumvi ya kloraidi iliyo ndani ya chuma, nayo huchochewa na unyevu. Ukiigusa kwa kijiti cha meno inapukutika. Katika hali ya hewa ya pwani yetu, sarafu yenye ugonjwa huo yaweza kuendelea kuliwa ndani ya droo hadi sura yake ikapotea. Asiye na namna ya kuitibu na kuitunza pakavu asiinunue, hata akipewa kwa bei ya kutupa.

La tatu ni majeraha ya wauzaji, na haya ndiyo mabaya zaidi. Kuna sarafu zilizosuguliwa kwa tindikali au brashi ya waya hadi zikang'aa kama za jana. Ukweli wake umebaki, lakini ngozi yake imepotea daima. Kuna zilizochongwa upya kwa ncha ya chuma, zikapewa nywele, macho na herufi ambazo kutu ilikuwa imekwisha kuzila. Sarafu kubwa za Vespasiano zinazoadhimisha kuanguka kwa Yudea, zenye mtende na mwanamke anayeomboleza, huchongwa na kughushiwa mara nyingi kwa kuwa zinatafutwa sana. Dalili ya kuchongwa ni kutolingana: nywele ni kali na uso umechakaa, herufi zimesimama juu lakini uwanja kati yake umekwanguliwa ukawa tambarare. Kisha kuna ngozi bandia, yaani rangi au dawa iliyopakwa ili chuma kipya kionekane cha kale. Aghalabu huwa ya rangi moja kila mahali, na asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mara nyingi huitoa. Muuzaji anayekataa kabisa pamba yenye asetoni iguse ukingo wa sarafu yake amekwisha kutueleza jambo fulani.

BEI INATOKA WAPI?

Sarafu ikishavuka vipimo hivyo, ndipo tuulize bei. Watu wengi hudhani kwamba kitu cha miaka 2,000 lazima kiwe ghali. Sivyo. Dola la Kirumi lilifua sarafu kwa karne nyingi na kwa wingi usio na kifani. Sarafu ndogo za shaba za karne ya 4, za Konstantino na wanawe, zikiwa zimechakaa huuzwa kwa dola chache tu. Sarafu ya Yanayo iliyoharibika haipaswi kuvuka sana hapo. Dinari ya Tiberio iliyo nzuri huuzwa kwa mamia ya dola kwa sababu ya Injili kuliko kwa sababu ya uhaba wake. Iliyotobolewa au kuvunjika hushuka hadi nusu ya bei hiyo, na mara nyingi chini zaidi.

Bei hufuata mambo matano: uhaba wa aina ile, kiasi cha sura na maandishi yanayosomeka, mahali jeraha lilipo, kwa maana tundu lililo nyuma ya kichwa si sawa na tundu lililopita usoni, idadi ya watu wanaoitafuta, na hati zinazoonesha ilitoka wapi. Anayetaka kununua aombe uzito, kipenyo, picha za pande zote mbili pamoja na ukingo, risiti yenye maelezo kamili ya sarafu, na haki ya kuirudisha ikibainika kuwa bandia. Kisha alinganishe na sarafu zilizoharibika vivyo hivyo katika minada iliyokwisha kufanyika. Asilinganishe na zilizo nzima, kwa kuwa muuzaji hupenda kuonesha bei ya sarafu nzima ili ya kwake ionekane ya bure.

Haki inamdai mnunuzi pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inahesabu udanganyifu katika biashara kuwa kinyume cha amri ya saba, na inataja waziwazi dhambi ya kutumia ujinga au shida ya mwingine kupandisha bei. Roho ya fundisho hilo hairuhusu mnunuzi anayejua kumnyang'anya muuzaji asiyejua, na kuita jambo hilo bahati.

ILITOKA WAPI?

Sarafu yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa mali ya wizi. Sarafu iliyochimbuliwa na wataalamu husaidia kujua tarehe ya ukuta, ya kaburi, ya kanisa. Iliyong'olewa usiku na mchimbaji wa magendo hubaki chuma tu, na ukurasa mzima wa historia hupotea. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mwaka 1970, chini ya UNESCO, kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni. Nchini Israeli, sheria ya mwaka 1978 inazifanya malikale zilizogunduliwa tangu wakati huo kuwa mali ya serikali. Wafanyabiashara huhitaji leseni, na kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Malikale. Nchini Italia nazo, kilichopatikana ardhini ni mali ya taifa. Hujaji asiye na hati aweza kunyang'anywa sarafu uwanja wa ndege, na hilo likawa ndilo dogo kati ya yatakayompata.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, na Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964. Tusingependa mgeni anunue historia ya Kilwa kutoka kwa mchimbaji wa usiku. Basi tusiwafanyie hivyo watu wa Yerusalemu.

SARAFU SI MASALIA MATAKATIFU

Tumalizie na lililo zito zaidi. Mtu aweza kuuliza: kama sarafu hii inanisaidia kusali, kuna ubaya gani nikiamini kuwa ni ya mjane? Historia inatupa jibu. Katika Zama za Kati, makanisa kadhaa ya Ulaya yalitunza sarafu zilizodhaniwa kuwa miongoni mwa vipande 30 vya Yuda. Baadhi yake zilikuwa sarafu za kisiwa cha Rodo, zenye kichwa cha mungu jua. Watu waliitazama miale ya kichwa hicho wakadhani ni Kristo mwenye taji la miiba. Walikuwa na ibada ya kweli mbele ya sura ya sanamu ya kipagani. Ibada haikuigeuza sarafu.

Kanisa linakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Ndivyo isemavyo kanuni ya 1190 ya Sheria ya Kanisa. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba sarafu yake imeguswa na Bwana au na mjane anajifunga mwenyewe: kama ni kweli, haiuzwi; kama si kweli, ni uongo. Sarafu halisi ya wakati ule ni shahidi wa dunia ambamo Neno alifanyika mwili, na hilo latosha kuipa heshima. Haiponyi, haileti baraka ya pekee, wala haifai kuvaliwa kama hirizi.

Na pale ambapo fedha ni ya parokia au ya jumuiya, tukumbuke kwamba kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi wa mali ya Kanisa bidii ya baba mwema wa familia. Katekista anayetaka watoto waone dinari ilivyokuwa hahitaji ya kale. Nakala mpya iliyotengenezwa vizuri, inayojieleza wazi kuwa ni nakala, hufundisha vilevile kwa gharama ndogo, wala haimdanganyi mtu. Bandia ni nakala inayoficha jina lake.

Mababa wa Kanisa, akiwemo Mtakatifu Augustino, walipotafakari dinari ya kodi walifundisha kwamba kama sarafu ina sura ya Kaisari na hurudi kwa Kaisari, mwanadamu ana sura ya Mungu na yampasa kurudi kwa Mungu. Dhambi huichakaza sura hiyo, wala haiifuti. Hujaji aliyesimama mbele ya kabati la sarafu zilizoliwa na kutu, akazipima kwa haki, akanunua kwa haki au akaondoka mikono mitupu kwa amani, hakupoteza safari yake. Anayo tayari sura ambayo haiuzwi dukani, na mahali pa kuisafisha ni kitubio.

Mwenyezi Mungu awalinde mahujaji wetu wote, na awajalie kupambanua lililo la kweli. Amina.